Mahindi Yaliyoingia Mabichi

“Uma punje hii, Baba Festo! Inalia? Hailii. Mahindi haya ni mabichi, na wewe unayamwaga kihengeni!”

“Nilikukataza kuniita jina hilo,” Mgaya alimwambia mkewe, Semeni, akainua kapu jingine.

“Basi tuyapeleke mwambani. Siku nne tu za jua.”

“Mwamba uko kwa nani?”

Semeni akaitupa ile punje chini. Mwamba ulikuwa kwa Yordani, ndugu wa Mgaya wa tumbo moja. Tangu enzi za baba yao, ukoo wote ulianika mahindi juu ya mwamba ule mpana, na hakuna aliyeomba ruhusa. Lakini miaka sita iliyopita Festo, mtoto wao wa pekee, alifariki, na siku ya maziko Yordani alikuwa shambani kwake anavuna. Alikuja siku ya kuanua matanga, siku ambayo ndugu hukaa mkekani kila mmoja akatoa la moyoni. Mgaya hakutoka chumbani. Hakulia, hakusema, na tangu hapo hakukanyaga mwambani. Miaka yote hiyo alianika uani kwake. Mwaka huu mvua ilikataa kuondoka, na ua ulikuwa tope.

Mgaya hakuwa mzembe. Kihenge chake kilisimama juu ya miguu minne ya mti, na mchwa walikuwa wameanza kuitafuna kitambo. Kila Jumamosi aliimwagia majivu, na mchwa wakapungua, ingawa hawakuisha. Mwili wake nao aliutunza vivyo hivyo. Alikuwa na kisukari na presha, mwaka wa kumi na moja sasa, na hakuruka kidonge hata siku moja. Muuguzi wa zahanati alipomuuliza kama analala, kama kuna jambo linalomkaa moyoni, alijibu, “Nimekuja kupimwa, binti, sikuja kuungama.” Benchi zima likacheka. Semeni, aliyekaa pembeni yake, hakucheka.

Basi mahindi yakaingia. Mgaya akakisiriba kihenge kwa udongo laini, na wapita njia wakakisifu. Wiki ya tatu Semeni aliweka kiganja ukutani akakuta joto, kama paji la uso la mtoto mwenye homa. Akamwambia mumewe. Mgaya akaja na udongo zaidi, akaziba mahali palipoanza kupasuka. Ndani, mahindi yalikuwa mazito kwa maji yake, na chini, miguu ilikuwa ile ile iliyoliwa.

Asubuhi moja kihenge kikalala chini. Mgaya alitoka mbio, akasimama mbele ya lundo jeusi linalotoa mvuke. Jasho lilimtiririka, na asubuhi yenyewe ilikuwa ya baridi. Akashika kifua, akakaa juu ya mahindi yake. Walipofika zahanati alikuwa ameshakata roho.

“Ni moyo,” mganga alisema. “Dawa alikuwa anakunywa?”

“Zote,” Semeni akajibu.

Jioni ua ulijaa watu. Kila aliyeingia alisema ghafla, jana tu nilimwona, ghafla kabisa. Wengine walisema hivyo wakiwa wamekaa karibu na miguu ya kihenge iliyovunjika, myepesi ndani kama maganda. Yordani alikuja mwisho, mikono kichwani. “Ghafla hivi, shemeji! Ndugu yangu na nguvu zake!”

Semeni alisimama mlangoni, hakumpisha.

“Si ghafla, shemeji. Mchwa wana miaka kumi na moja, na mahindi yaliingia mabichi miaka sita iliyopita. Yeye alikataa kuja mwambani. Wewe nani alikuzuia kuja hapa?”