Kiti Kimoja cha Basi la Nyuki

Nyamazeni kidogo, hata nyinyi mnaobishania matokeo ya jana. Kuna kesi hapa, na ikiisha inataka hukumu, haitaki makofi.

Palikuwa na timu ikiitwa Nyuki, timu ya mji mmoja wa bara, mji wa asali na vumbi. Miongoni mwa mashabiki wa timu hiyo walikuwepo watatu, na kila mmoja alijaliwa kitu chake.

Nkwabi alijaliwa mapafu. Akipiga chafya sokoni, watu wa stesheni wanageuka. Yeye ndiye aliyekuwa anaanzisha mvumo, maana mashabiki wa Nyuki hawaimbi, wanavuma: midomo imefungwa, jukwaa zima linanguruma kama mzinga uliopigwa teke, mpaka kipa wa wageni anaanza kujikuna shingo isiyo na kitu.

Kasanda alijaliwa miguu. Haikuwa ya mbio. Ilikuwa mikubwa tu. Alikuja uwanjani amevaa kama mchezaji: jezi, bukta, soksi mpaka magotini, na njumu za kweli zenye meno. Watu wakimwona wanamuuliza, "Kasanda, leo unaingia dakika ya ngapi?" Naye anajibu bila kucheka, "Kocha akinihitaji, nipo."

Nyamizi alijaliwa macho. Alikuwa fundi cherehani, na mpira aliusoma kama mshono. "Yule beki wao wa kushoto anaumwa nyonga, pitieni kwake," anasema, na benchi la ufundi linakuja kuliona jambo hilo baada ya robo saa. Nyuki wakishinda, alishona huku anacheza, na magauni ya wateja yakatoka na pindo za kwenda upogo. Wakifungwa, alilala na jezi, hali, hasemi. Mama yake akafunika sahani na kusema, "Hao wanaume kumi na mmoja hata jina lako hawalijui."

Sasa sikieni uonevu unavyozaliwa.

Msimu ule Nyuki walifungwa nyumbani mechi tatu mfululizo, na Nyamizi alikuwepo zote. Mechi ya nne akaugua malaria, na Nyuki wakashinda. Basi! Hakuna aliyekumbuka kwamba siku hiyo kipa alikuwa amepona kidole. Hakuna aliyesema kocha amebadilisha mabeki. Mtu mmoja kijiweni akatamka kwa utani kwamba Nyamizi ana gundu, na kufika Ijumaa utani ulikuwa umeacha kuwa utani. Wanaume mamia kwa mamia walikuwepo katika mechi zile zile tatu, na hakuna hata mmoja aliyeambiwa ana mkosi.

Lililomkera Nyamizi kuliko yote ni kwamba usiku, peke yake, naye alianza kujiuliza.

Ikaja nusu fainali ya kombe, nyumbani, dhidi ya Mwamba. Kufika mapumziko, Nyuki wako nyuma bao moja kwa bila. Bwana Kapaya, mwenyekiti wa tawi la mashabiki, akapanda ngazi za jukwaa taratibu, kofia mkononi kama mtu anayeingia msibani.

"Dada Nyamizi, tunakuomba kwa heshima zote."

"Heshima gani hiyo inayoanza kwa kunitoa?"

"Kipindi cha pili tu. Utoke nje ya ukuta. Na ukifika huko, ugeuke, uupe uwanja mgongo."

"Mwenyekiti, ni mimi niliyemwacha mtu wao peke yake kwenye kona?"

"Hapana, dada yangu. Lakini tumeshajaribu kila kitu."

"Hamjajaribu kufunga goli."

Watu wakacheka. Kisha kicheko kikaisha, na safu nzima ikabaki inamtazama. Hakuna aliyemshika mkono, hakuna aliyemsukuma. Nyamizi akaikunja bendera aliyoishona mwenyewe, akashuka, akatoka. Msimu mzima alikuwa anaisubiri mechi hii.

Kipindi cha pili kikaanza, na kila mmoja akafanya lake.

Nkwabi aliona watu wanaanza kuondoka. Jukwaa lilikuwa limekufa, mtu anasikia hata refa anavyomkaripia mchezaji. Akafunga mdomo, akaanza kuvuma peke yake. Jirani akamwambia, "Acha, kaka, tunaaibika." Hakuacha. Akavuma mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, mpaka mmoja akamfuata, kisha safu, kisha uwanja mzima. Waliokuwa getini wakarudi. Vijana wa Nyuki wakainua vichwa, kipa wa Mwamba akadaka mpira hewani ukamponyoka, na Nyuki wakausukuma ndani. Sasa ni bao moja kwa moja.

Kasanda alikuwa kwenye uzio pale mshambuliaji wa Nyuki aliposimama ghafla, soli ya njumu imebanduka yote. Kijana yule ana mguu mkubwa, na wachezaji wa akiba hawakuwa na saizi yake. Kocha akageuka akipiga kelele, "Nani ana njumu namba kumi na mbili?" Miaka yote ile ya kutaniwa, na siku hiyo Kasanda akasema, "Mimi hapa, kocha." Akavua njumu zake, akazirusha juu ya uzio, akabaki na soksi juu ya zege lililochomwa na jua la alasiri. Mpira wa pili wa yule kijana, kwa njumu za Kasanda, ukaenda juu kushoto. Mbili kwa moja.

Nyamizi alikuwa nyuma ya ukuta, karibu na vyoo, ameupa uwanja mgongo. Mbele yake hakuna kitu ila mbuzi anatafuna karatasi. Aliusikia mvumo ukianza kwa mtu mmoja, akajua ni nani. Alisikia uwanja ukilipuka mara ya kwanza, akajikumbatia mwenyewe. Ukalipuka mara ya pili, akamwambia mbuzi, "Umesikia?" Akaenda huku, akarudi, akaenda tena, akatafuna ncha ya mtandio. Kisha kimya kikaanguka ghafla. Kimya cha namna ile alikifahamu: penalti, na si yetu. Geti lilikuwa wazi. Bawabu alikuwa ameliacha, naye yuko ndani anatazama. Hatua chache tu, na angemwona kipa wa Nyuki amesimamaje. Akashika chuma cha geti kwa mkono wa nyuma, hajageuka. Akafumba macho kabisa, yale macho yake, akabaki hivyo. Ndipo uwanja ukapiga yowe hata mbuzi akakimbia. Kipa alikuwa ameipangua penalti.

Nyuki wakaingia fainali.

Fainali ilikuwa mbali, safari ya siku nzima. Uongozi wa timu ukalipa tawi kiti kimoja kwenye basi la wachezaji, pamoja na tiketi ya jukwaani. Masharti yakawa mafupi: apewe shabiki aliyeleta ushindi. Asubuhi ya safari, basi likiwa limewashwa mbele ya ofisi ya tawi, watatu wale wakasimama mbele ya Bwana Kapaya.

"Mimi niliwafufua," akasema Nkwabi, kwa sauti ambayo bado ilikuwa imekauka. "Bila mvumo wangu mngebaki na uwanja mtupu. Njumu zingemsaidia nani?"

"Mvumo haufungi goli," akasema Kasanda. Kidole gumba cha mguu wake kilikuwa na bandeji, kwa kuungua na lile zege. "Goli la ushindi lilitoka kwenye kiatu hiki hapa. Nyamizi awe na gundu au asiwe nalo, mshambuliaji peku asingefunga."

Watu wakaguna, kisha wakamgeukia Nyamizi. Mmoja akadakia kutoka nyuma, "Huyu naye anadai nini? Alikuwa chooni!"

"Nilikuwa mliponiweka," akasema Nyamizi. "Haya, mwenyekiti, twende polepole. Nina gundu au sina?"

Bwana Kapaya akapangusa paji la uso. "Mambo haya, dada..."

"Chagua. Kama ninalo, basi kuondoka kwangu ndiko kulikoleta magoli yote mawili na kuokoa penalti. Ushindi ni wangu mzima, hawa wamenisaidia. Kama sina, mlimfukuza shabiki wa haki kwenye mechi ya maisha yake, bila kosa, na hamna cha kumfidia ila mechi nyingine. Kila upande, kiti ni changu."

Nkwabi, ambaye hakuwa mjinga, akauliza kwa upole, "Na kama unalo, dada, tukupeleke fainali ukaangalie?"

"Na kama huna," akaongeza Kasanda, "basi ulisimama nyuma ya choo tu. Tunakuonea huruma, lakini kiti kilikuwa cha aliyeleta ushindi, hakikuwa cha aliyeonewa."

Nyamizi alifungua mdomo ajibu. Jibu alikuwa nalo. Lakini kati ya koo na ulimi akakutana na lile swali lake la usiku: akikaa jukwaani, macho wazi, kisha Nyuki wakafungwa? Mji mzima ungejua wa kumlaumu. Yeye mwenyewe angejua. Akaitazama bendera mkononi. Kisha akaweka mguu kwenye ngazi ya kwanza ya basi, hakupanda, na hakuutoa.

Dereva akapiga honi. Bwana Kapaya ameishika tiketi juu, mikono mitatu inaingoja, na wachezaji wanachungulia madirishani.

Basi, nyinyi mliosikiliza. Msiniambie wapokezane, kiti hakikatwi. Msiniambie kibaki kitupu, hayo ni maamuzi ya waoga. Aliyeamsha uwanja, aliyetoa kiatu, na aliyefumba macho: tiketi mngempa nani? Na wewe unayetaka kumpa Nyamizi, sema kabisa: unampa kwa kuwa ana gundu, au kwa kuwa hana?

Jibu upesi. Dereva ameshaingiza gia, na mguu wa Nyamizi bado uko kwenye ngazi.