Gia ya Kwanza ya Mwalimu Kundaeli

Akupaye ufunguo hajakupa gari. Ndiyo, nimesema hivyo, na wewe Severini acha kucheka. Unadhani nimeitunga sasa hivi ili niwaharibie Jumamosi yenu?

Hii BMW mliyoipandisha kwenye jeki hapa uani kwangu si yenu. Mwenzenu kasafiri kwenda Dodoma, kawaachia ufunguo, kawaomba mbadilishe breki za mbele, basi. Mimi natoka ndani na kikombe changu cha chai, nakuta springi zake zimelazwa chini kwenye gunia na mnabishana mzikate kiasi gani ili gari likae chini zaidi, eti mwenyewe akirudi ashangae. Ndipo nikasema nilichosema. Sasa mnauliza imetoka wapi. Vuteni hayo matairi mkae. Nitasimulia mara moja tu, maana kila nikiisimulia naona haya upya.

Methali hii hatukurithi kwa wahenga. Ilizaliwa hapa hapa Moshi, na aliyeifanya izaliwe ni mimi. Mambo yalikuwa hivi.

Mwalimu Kundaeli alikuwa akifundisha fizikia. Ananizidi miaka sita, na ndiye aliyenifundisha kuyapenda haya magari ya Kijerumani ya zamani. Mwaka tisini na mbili alinunua Benzi moja tisa sifuri, ile ya valvu kumi na sita, kwa mhandisi mmoja Mjerumani aliyekuwa anarudi kwao. Kwa nje ilikuwa gari la mraba tu, la rangi ya bluu iliyoiva kama wino, asiyejua angedhani la mkurugenzi wa chama cha ushirika. Anayejua alikuwa akisikia injini yake ikipita anaacha anachokifanya.

Sasa sikilizeni jambo moja kuhusu gari lile. Magari karibu yote mnayoyajua, gia ya kwanza iko mbele kushoto. Lile ya kwanza ilikuwa nyuma kushoto, kama magari ya mashindano. Mgeni akilipanda lilimzimikia mikononi mbele za watu. Kundaeli alijivunia hilo kuliko hata kasi yake. “Gari hili lina adabu zake,” alikuwa akisema. “Asiyefundwa halimtii.”

Likaja likapasua gasketi, na wakati huo watoto wake wako vyuoni, akaliegesha. Likakaa miaka tisa chini ya turubai. Halafu Kundaeli akashikwa na presha ya macho. Daktari akamwambia ukweli: jicho la kulia limeshakwenda, la kushoto huenda lisifike Krismasi.

Akaja kwangu mwezi wa tano. Alikuwa bado anaona, ila alikuwa anageuza kichwa kama kuku ili akupate.

“Aminieli,” akaniambia, “sitaki liwe jipya. Nalitaka lile lile. Gasketi, breki, matairi, na ile kutu chini ya mlango. Nataka nimfundishe Aikande kuliendesha nikiwa bado nauona mshale wa dashibodi.”

Aikande ni kitinda mimba wake, wakati huo msichana wa miaka ishirini na miwili, na ndiye pekee aliyekuwa amebaki nyumbani. Kundaeli akaniwekea ufunguo kiganjani, akavikunja vidole vyangu juu yake kwa mkono wake mwenyewe. Nikamwambia mwezi mmoja unatosha. Na kweli ungetosha.

Sasa sisi wapenda magari tuna ugonjwa wetu, na ninyi mnao, nauona hapo kwenye gunia. Ugonjwa huo unaitwa “maadamu.” Maadamu injini nimeshaifungua, kwa nini nisitie kamshafti kali, ule mhimili unaofungua valvu? Maadamu kamshafti ni kali, bomba la moshi nalo lipanuliwe. Maadamu nguvu imeongezeka, ile giaboksi ya zamani, ambayo gia ya tatu ilikuwa inakwaruza, haitastahimili; nina nyingine nzima hapa, ngumu zaidi, niifunge hiyo. Ilikuwa giaboksi ya kawaida, ya kwanza mbele kushoto. Maadamu mlango mmoja lazima upakwe rangi, si nipake gari zima? Na maadamu napaka gari zima, nyekundu inapendeza zaidi. Hakuna hata moja kati ya hayo nililomwuliza mwenye gari. Nilijiambia namfanyia hisani.

Kamshafti peke yake ilichukua wiki kumi kufika kutoka Ujerumani. Kundaeli alikuwa akinipigia simu kila baada ya wiki mbili. “Vipi, fundi?” Nami: “Bado kidogo, mwalimu.” Hakuwahi kunifokea.

Mwezi wa nane nikapita nyumbani kwake. Nikawakuta sebuleni, baba na binti, wamekaa kwenye viti viwili vilivyopangwa sambamba. Katikati waliweka ndoo ya mchanga, na kwenye mchanga wamechomeka mwiko wa ugali. Ule mwiko ndio ulikuwa gia. Aikande kafumba macho, mguu wa kushoto unakanyaga klachi ya hewani, na baba yake anamwambia, “Ya kwanza, nyuma kushoto. Usivute kwa hasira. Ya pili, mbele, halafu sikiliza injini, usiangalie mkono.” Binti alikuwa ameshaiva. Mkono wake ulikuwa ukienda wenyewe.

Na mimi giaboksi nilikuwa nimeshaifunga wiki mbili nyuma.

Ningeweza kusema pale pale. Ilikuwa sentensi moja tu. Badala yake nikacheka nao, nikapewa ndizi za nyama nikala, nikasifu mafunzo yale, nikaaga. Njiani nikajiambia atazoea tu, gia ni gia. Mnaona jinsi mtu anavyoweza kula chakula cha mwenzake huku anamficha jambo? Nilikula hadi nikaongezwa.

Mwezi wa kumi, asubuhi moja, akanipigia. Sauti ilikuwa ya kawaida kabisa. “Aminieli, usijisumbue kuharakisha tena.” Akasema niwasalimie watoto, akakata. Nilielewa. Jicho la kushoto lilikuwa limezima. Nami, Mungu anisamehe, kitu cha kwanza nilichokisikia moyoni kilikuwa ahueni. Nilipata muda. Desemba kulikuwa na mkusanyiko wa magari ya zamani Arusha na nilitaka Benzi lile lifike likiwa limekamilika.

Likafika. Watu walilizunguka toka asubuhi hadi jioni. Mtangazaji akauliza kwa kipaza sauti, “Hili jekundu ni la nani?” Mtu akajibu, “La Aminieli wa Moshi!” Nikapunga mkono.

Wiki iliyofuata ndipo nikamwita Kundaeli gereji. Mnajua desturi yetu: gari lililolala miaka, siku ya kuamka huwashwa na mkono wa mwenyewe, na wengine wote hunyamaza mpaka injini itulie. Desturi hiyo nilikuwa nimeshaivunja kabla ya Arusha, lakini nilipanga kila kitu kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Mafundi wangu wanane walikuwepo, na jirani, na shemeji zake wawili.

Akaja akiwa amevaa tai. Aikande alimshika kiwiko. Akaweka kiganja juu ya paa la gari, akalizunguka taratibu akilipapasa, taa, boneti, mlango. Akatabasamu. Kisha akauliza, “Rangi mmeigusa?”

“Ile ile, mwalimu,” nikasema. “Bluu yako ya wino.”

Msiniulize kwa nini. Watu walikuwa wengi na ulimi ukatangulia. Mafundi wangu wote wanane walisikia, na hakuna aliyefungua mdomo, kwa kuniheshimu. Aikande aliniangalia, akaangalia chini. Nilimdanganya kipofu mbele ya mwanawe, na mwanawe akawa ndiye anayeona aibu badala yangu.

Aikande akakaa kwenye usukani, baba yake pembeni. Kundaeli akanyoosha mkono, akatafuta tundu, akazungusha ufunguo. Injini ikawaka kwa kishindo. Akainamisha kichwa akaisikiliza muda mrefu.

“Linakohoa,” akasema.

“Ni kamshafti, mwalimu. Nimeliongezea nguvu kidogo.”

“Kidogo,” akarudia. Halafu akamgeukia binti. “Haya mama. Nyuma kushoto.”

Aikande akavuta nyuma kushoto, kama alivyofundwa. Pale sasa palikuwa na gia ya pili. Akaachia klachi, gari likatikisika, likazimika.

“Usiogope,” baba yake akasema. “Ndizo adabu zake hizo. Tena.”

Likazimika tena. Shemeji mmoja akacheka. Mara ya tatu likaruka mbele kidogo na kufa, na Aikande akaondoa mikono kwenye usukani. Machozi yalikuwa yanamlenga. “Baba, nimeweka kama ulivyonifundisha. Nimeweka vile vile.”

“Najua umeweka,” Kundaeli akasema. “Niliona mkono wako ulivyo, nyumbani.”

Akaushika mkono wa gia mwenyewe. Akausukuma mbele kushoto, akaurudisha nyuma, akaupitisha mahali pote polepole mpaka akamaliza. Akauacha. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwake, ningeweza kumgusa bega.

“Aikande, mwanangu,” akasema. “Hili gari lina rangi gani?”

Binti akaniangalia mimi. “Baba mdogo…” akaanza.

“Usimwulize yeye. Nimekuuliza wewe.”

“Jekundu, baba.”

Nikaanza kuropoka: nitalirudisha, nitalipaka upya, ile giaboksi nimempa mtu wa Kahama lakini nitaifuata, wiki mbili tu, mwalimu, wiki mbili. Akaniacha nikamaliza yote. Ndivyo alivyokuwa akifanya darasani kwa mwanafunzi aliyekosa, anakuacha ukamilishe kosa lako.

“Hata ukilirudisha, Aminieli,” akasema, “mshale nitauona kwa macho ya nani?”

Akauchomoa ufunguo, akaushika kiganjani, akavikunja vidole vyake juu yake.

“Mimi nilidhani hili unalijua, ndiyo maana sikulisema. Akupaye ufunguo hajakupa gari.”

Neno hilo alilisema kwa sauti ya chini, bila hasira. Lakini mafundi wanane walikuwa wamesimama pale, na fundi hana siri. Kabla Januari haijaisha nililisikia gereji ya Majengo, likasemwa Himo, likasemwa Boma Ng’ombe. Anayelisema hajui lilisemwa kwa nani. Mimi nikilisikia huinamia kazi.

Kahama nilikwenda. Yule mtu alikuwa ameshaifungua giaboksi, ameitawanya vipuri, gia zake ziko kwenye magari ya watu. Nikatafuta nyingine kama ile nchi nzima na nje, sikupata. Rangi nikairudisha bluu, bluu ile ile ya wino, nikaipaka kwa mkono wangu usiku na mchana bila kumruhusu fundi yeyote kunisaidia. Nikampelekea Kundaeli nikamwambia sasa ni bluu kweli. Akasema, “Asante, ndugu yangu. Aikande ameniambia.” Nikaelewa kwamba neno langu peke yake halikutosha tena, na kwamba ilikuwa haki.

Aikande analiendesha. Alijifunza upya, ya kwanza mbele, kama gari lolote la mjini, kwa mwalimu wa shule ya udereva. Baba yake hakumfundisha tena. Akipanda, hapandi mbele. Hukaa kiti cha nyuma kama abiria wa kubebwa, mikono magotini.

Kanisani bado ananisalimia, ananiuliza habari za mgongo wangu. Angenitukana ningepumua. Miaka kumi na moja sasa ananisalimia vizuri.

Na wiki iliyopita, Severini, tulikuwa tumesimama hapo getini, Benzi lile likapita, wewe ukalitambua kwa mlio hata kabla halijatokeza, ukapiga mluzi na kuniambia, “Babu, mashine yako hiyo inapita!” Nilijifanya sikukusikia, nikaingia ndani. Nilimwona Kundaeli nyuma ya kioo, na dirisha lake lilikuwa wazi, na sauti yako, mjukuu wangu, ni kubwa. Kwa hiyo jibu nililopaswa kukupa siku ile, mbele yake, nakupa leo akiwa hayupo: akupaye ufunguo hajakupa gari.