Mama Kindi na Wenye Klabu ya Karata

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wakiombana moto wa kupikia, palikuwa na klabu ya karata nyumbani kwa Fisi. Ah, raha iliyoje! Alasiri kazi zikiisha, wanachama walikaa mkekani. Karata zikapigwa, pa! pa! Aliyeshindwa alipakwa masizi puani, wote wakacheka hadi machozi. Kahawa ilitoka nyumba hii, kashata nyumba ile.

Kisha Fisi akasema, "Mchezo bila dau ni mchuzi bila chumvi! Kila mtu aweke karanga."

Wakaweka. Kila mchezo ulipoanza, Fisi alichota bakuli lake kwanza kwenye dau. Nyati, bawabu wa mlangoni, naye akachota lake. Kicheko kikahama.

Siku moja Bwana Kindi akarudi kwake mikono mitupu.

"Karanga za masika ziko wapi, baba watoto?" mkewe aliuliza.

"Zimeliwa karatani."

"Zote?"

"Zote, mke wangu."

Mama Kindi akawatazama watoto wake. Akajifunga kibwebwe, huyo! mpaka klabuni.

"Nirudishieni chakula cha wanangu!"

"Kwa sheria ipi?" Fisi akacheka. "Hii klabu ya wanachama, si soko. Toka!"

Mama Kindi hakubishana. Alikwenda kwa hakimu, Mzee Tembo.

"Wanachama wakiwekeana dau faraghani, wakalana wenyewe kwa wenyewe, sina neno," alisema Tembo. "Lakini mtu akichota dau kwa kuwa nyumba ni yake, hiyo ni nyumba ya kamari. Naifunga, na kila kitu kinarudi kwa mwenyewe. Nani atashuhudia?"

"Wanachama wanaogopa, mzee. Lakini njoo kesho unywe kahawa klabuni. Wachotaji watajisema."

Kesho yake Mama Kindi akatangulia. Akamnong'oneza Fisi, "Hakimu anakuja kumtambua mwenye klabu. Nyati anadai ni yeye."

"Nyati? Ala!"

Mama Kindi akakimbia mlangoni kwa Nyati. "Hakimu anakuja kumtambua mwenye klabu. Fisi anasema wewe mfagiaji tu."

"Mfagiaji? Mimi?"

Mara, tii! tii! tii! Tembo huyo. Akakaa, akapewa kikombe.

"Klabu hii ya nani?"

"Yangu!" akasema Fisi.

"Yako wapi? Yangu!" akanguruma Nyati.

"Mwenye shamba hujulikana kwa mavuno," Mama Kindi akasema kwa upole. "Nani anavuna hapa?"

"Mimi!" Fisi akapiga kifua. "Kila mchezo nachota bakuli zima! Ghala langu limejaa hadi darini!"

"Na langu je? Hakuna karata inayogawiwa mpaka na mimi nichote!"

Tembo akaweka kikombe chini.

"Ahsanteni. Sasa fungueni maghala."

Karanga zikarudi kwa wenyewe, vikapu kwa vikapu. Watoto wa Kindi wakala, masika yakawakuta wameshiba. Fisi na Nyati wakahama kwa aibu, kila mmoja na njia yake.

Wanachama walitandika mkeka kwingine, wakacheza tena. Lakini waliokwisha kuliana chakula hawacheki kwa moyo ule ule, wanangu. Mara nyingine mtu alishika karata zake, akatazama mbali, akasahau kwamba zamu ni yake.

Mwenye tamaa hahitaji shahidi. Kinywa chake mwenyewe humshitaki.