Jinsi Damu Ilivyojifunza Kusimama

Hapo kale, damu ya binadamu ilikuwa haijajua kusimama. Mtu akichomwa na mwiba, ilitoka taratibu kama chemchemi, naye akasinzia huku ikienda zake. Ndiyo maana watu wa Busongo hawakuwa na visu, na kucha zao walizisugua kwenye jiwe.

Huko aliishi mjane aitwaye Nyamizi. Bintiye, Kalunde, alikuwa na mimba ya miezi saba. Nyamizi alihesabu miezi iliyobaki, akahesabu tena. Kuzaa kuna damu, na wengi walioingia kujifungua hawakutoka.

Lakini aliona jambo. Mbuzi wake walichomwa na miiba ileile, wakaendelea kutafuna. Walichokula wao, ambacho watu hawakukila, ni majani ya kunde. Watu walichukua mbegu tu.

Akayachuma, akayachemsha, akala. Kisimani wanawake wakamcheka.

"Mama Kalunde, utaanza lini kulia mee?"

"Nikianza, nitaingia kwanza shambani kwako, shoga."

Mwezi ulipopita akajichoma kidole. Damu ikasita kidogo, kisha ikaendelea mpaka machweo, akabaki hoi. Naye Kalunde alikuwa akiitema mboga ile kila siku. "Chungu, mama," alisema. "Kama dawa ya minyoo."

Basi Nyamizi akatwanga karanga, akazikoroga chunguni pamoja na majani yale mpaka mafuta yakaelea. Kalunde akala, akalamba na mwiko. Wakala hivyo siku baada ya siku. Nyamizi akajichoma tena. Likatoka tone moja, jekundu kama punje ya karanga, likatulia juu ya kidole, likalala.

Siku ya uchungu, wanawake walikaa mlangoni na sanda imekunjwa tayari. Mtoto akalia. Damu ikaja. Nyamizi alimshika bintiye mkono, akaitazama ile damu kama anayemtazama ng'ombe mkali. Ikapungua. Ikasimama.

Sanda wakaifanya mbeleko ya mtoto.

Na tangu siku hiyo, damu hutoka, huchungulia dunia, kisha huganda. Na mjamzito wa Busongo hupelekewa majani ya kunde yaliyoungwa kwa karanga, wala haulizwi kama anayapenda. Mpishi wake, kabla ya kuinjika chungu, hutoka uani na konzi moja ya majani mabichi, akawapa mbuzi kwanza.