Swali la Mlangoni Halijibiwi Angani

Swali la mlangoni halijibiwi angani. Hivyo ndivyo Mwinjilisti alivyowaambia leo asubuhi, alipowauliza ni nani kati yenu ana ugonjwa wowote kabla hamjaenda kupanda mlima, nanyi nyote mkatazama chini. Sasa ninyi vijana mmenijia mimi huku jikoni kuuliza maneno hayo yametoka wapi. Yonazi anasema ameyatafuta katika kitabu chake cha methali hakuyaona. Hatayaona. Yalizaliwa katika usharika huu huu, nami nilikuwepo. Endeleeni kuchambua maharage, maana makande ya safari hayajipiki yenyewe, nami nitawaeleza jinsi yalivyoanza.

Mnamfahamu mkwe wangu Namkunda, mke wa mwanangu Eliamini. Leo mnamwona mama mtu mzima anayewatuma na kuwakaripia. Wakati ule alikuwa binti wa miaka ishirini na mitatu, mpole, mwenye sauti ndogo. Alikuwa amekaa katika ndoa miaka minne na alikuwa amepoteza mimba mbili. Ya kwanza hatukuisema sana. Ya pili alifurahi mno, akawaambia wenzake wa kwaya ikiwa bado changa, nao wakamletea ndizi na maziwa. Wiki ya tatu tangu awaambie, ikatoka. Baada ya hapo nikasikia maneno kisimani. Kwamba alijitangaza. Kwamba mimba changa ikisemwa inasikiwa na masikio mabaya.

Ninyi mnacheka. Msicheke. Mimi ni mtu wa maombi, na wakati ule nilikuwa mtu wa maombi vile vile, lakini maneno yale yaliniingia. Tangu bibi zetu tumefundishwa kuwa mimba haitangazwi; itajitangaza yenyewe tumbo likikua. Basi Namkunda alipobeba mimba ya tatu, nilimwita chumbani kwangu, tukapiga magoti, tukaomba. Tulipoinuka nikamwambia, "Mwanangu, safari hii ni siri ya watu watatu na Mungu wa nne. Mimi, wewe na Eliamini. Mtu akikuuliza, usikubali wala usikatae. Nyamaza."

Akasema, "Sawa, mama." Hakuwahi kunijibu neno jingine zaidi ya hilo.

Alikuwa katika mwezi wa tatu umoja wa wanawake ulipoandaa safari ya shukrani. Tulikuwa tumemaliza kuezeka jengo la watoto, tukasema mwaka huu tutakwenda mjini kupumzika kama watu wengine. Mjini kulikuwa na bustani kubwa ya michezo ya mashine, na wengi wetu tulikuwa hatujawahi kuingia mahali kama pale. Namkunda aliniomba abaki nyumbani. Mimi ndiye niliyekataa. Nilimwambia, "Ukibaki wataanza kuuliza kwa nini umebaki. Njoo tu, utakaa na mimi kwenye kiti, tutatazama wengine." Nilijiona mwenye akili.

Tulifika saa nne asubuhi. Palikuwa na treni ndogo ya watoto, farasi wa mbao wanaozunguka, na vikombe vikubwa ambavyo watu hukaa ndani vikizungushwa mpaka wasijue mashariki ni wapi. Wanawake waliovaa vitenge vya sare wakawa watoto. Mama Mchungaji mwenyewe alipanda farasi, akashuka akicheka mpaka machozi. Na katikati ya bustani ilisimama bembea ya viti. Ilikuwa nguzo ndefu ya chuma, na juu yake kitu kama mwavuli mkubwa, na katika mwavuli ule viti vinaning'inia kwa minyororo. Watu hukaa, hufungwa mnyororo kiunoni, kisha mwavuli hupanda juu huku ukizunguka, na viti huruka mbali na nguzo hadi miguu ya watu inakuwa juu ya mapaa.

Binti yangu Nakijwa, wifi yake Namkunda, alikuja pale tulipokuwa tumekaa. Mnamjua Nakijwa mdomo wake. Akasema, "Wifi, mbona umekaa kama umekuja msibani? Inuka! Bembea moja tu."

"Mimi naogopa," Namkunda akasema.

"Unaogopa bembea, na yule kaka yangu mwenye mikoromo kama trekta hukumwogopa?"

Watu wakacheka. Mwingine akadakia, "Mwache bwana, labda ana lake jambo."

Hapo vicheko vikapungua, na macho kama kumi hivi yakatelemka yote pamoja kwenye tumbo la mkwe wangu. Namkunda akanitazama. Mimi nikasema haraka, "Ana jambo gani? Nenda mwanangu, nenda ukacheze na wenzako." Nilidhani atafika mlangoni, kisha atatafuta njia ya kurudi nyuma taratibu. Nikafuatana nao hadi kwenye uzio.

Katika mlango wa bembea kulikuwa na ubao wenye maandishi mekundu. Wakati ule sikujua kusoma. Kusoma nilikujua nikiwa na miaka hamsini na tisa, katika masomo ya jioni, kwa taa ya darasa la watoto, nikiwa nimekunja magoti kwenye dawati dogo. Lakini siwezi kujificha nyuma ya hilo, kwa sababu palikuwa na dada wa mlangoni, msichana mwenye kofia ya bluu, naye aliuliza kwa sauti kila kundi lilipofika.

"Mama zangu, samahani. Kuna mwenye presha hapa? Kuna mwenye ugonjwa wa moyo, au aliyefanyiwa upasuaji? Kuna mjamzito?"

"Mjamzito!" Nakijwa akapiga kofi. "Dada, hapa viwanda vyote vimefungwa. Labda umuulize Mama Eliamini pale nyuma!"

Wote wakaangua kicheko na kunigeukia, nami nilikuwa na miaka hamsini na mbili. Namkunda hakucheka. Alikuwa ameshika chuma cha mlango, ananitazama kwa macho ya mtu anayeomba ruhusa. Yule dada akauliza mara ya pili, taratibu, kama mtu aliyehisi kitu. "Hakuna kabisa?"

Wanangu, swali lile lilikuwa la neno moja. Namkunda angeweza kulijibu, lakini mimi nilikuwa nimemfunga mdomo. Na mimi ningeweza kulijibu. Nilitazama wanawake wale, nikakumbuka maneno ya kisimani, nikaona kama nikisema tu, mtoto atatoka palepale. Nikatikisa kichwa kidogo, hivi, kumwambia asiseme. Akaachia kile chuma, akapita.

Mnyororo ukafungwa kiunoni mwake. Muziki ukaanza. Viti vikainuka.

Mimi nikafumba macho nikaomba. Niliomba kwa nguvu zote, "Bwana, mlinde. Bwana, funika tumbo lile kwa mkono wako." Leo nikikumbuka ombi lile naona haya. Mungu alikuwa amekwisha kumtuma msichana mwenye kofia ya bluu aulize mara mbili. Mlango wa msaada ulikuwa umefunguliwa mbele yangu, nikaufunga mwenyewe kwa kichwa changu, kisha nikapiga magoti nje na kubisha hodi. Nilimwomba Mungu afanye lile ambalo alikuwa amekwisha kunipa mdomo wa kulifanya.

Nilipofumbua macho, viti vilikuwa vinazunguka juu. Wanawake walikuwa wanapiga kelele, kila mmoja na kelele zake, wengine wanaita mama, wengine wanaita Yesu. Namkunda akapita juu yangu. Mdomo wake ulikuwa wazi, anapiga kelele kama wenzake, na mkono wake mmoja ananinyooshea. Nikafurahi. Nikasema moyoni, kumbe anafurahia. Nikampungia mkono.

Akapita tena, akinyoosha mkono vile vile. Nikampungia tena.

Viti viliposhuka, wenzake waliruka chini wakayumbayumba na kushikana wakicheka. Yeye alibaki amekaa. Nakijwa alikwenda kumvuta, halafu sauti yake ikabadilika. "Mama! Mama, njoo!" Nilipofika, Namkunda alikuwa ameinama, ameshika tumbo kwa mikono miwili, na kwenye kitenge chake cha sare palikuwa na damu.

Hapo ndipo nilipojibu. Nilijibu kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye treni ya watoto. "Ana mimba! Mkwe wangu ana mimba ya miezi mitatu! Tusaidieni!"

Yule dada wa mlangoni alikuja mbio na kiti cha magurudumu. Hakunitukana. Alisema tu, huku anamfungua mnyororo, "Mama, si niliuliza?" Alikuwa na umri kama wenu ninyi.

Tukampeleka hospitali. Daktari alimpima, akatuambia moyo wa mtoto bado unapiga, lakini lazima mama alale, asiinuke, na hata hivyo yeye hawezi kuahidi kitu. Nikamuuliza, "Ni bembea, daktari?" Akanijibu, "Mama, siwezi kuapa kuwa ni bembea. Mambo haya humpata hata aliyelala kitandani kwake. Lakini mngesema, asingepanda, na leo usingekuwa na haja ya kuniuliza."

Alilala wodini siku kumi na mbili. Na wanawake wale niliowaogopa, wale wenye maneno ya kisimani, ndio walioleta uji. Walipeana zamu. Mmoja alimfulia, mwingine alimsuka nywele akiwa amelala. Aliyesema "labda ana lake jambo" alikaa chini sakafuni siku nzima akimpepea kwa gazeti. Nakijwa alilia hadi akavimba macho. Aliniambia, "Mama, ungeninong'oneza tu. Ningekaa naye pale kwenye kiti, nikala naye karanga, na mtu angemsogelea ningemtukana mpaka akimbie." Nami najua angefanya hivyo. Siri yangu ilikuwa imemnyima mkwe wangu mlinzi wake mwenye mdomo mkubwa kuliko wote.

Siku ya tisa tulibaki wawili, mimi na Namkunda. Damu ilikuwa imekoma tangu juzi yake. Nilikuwa namlisha uji kwa kijiko. Nikajipa moyo, nikasema, "Mwanangu, nisamehe. Lakini kitu kimoja kinanitesa. Mbona ukiwa kule juu ulikuwa unafurahi? Nilikuona."

Akageuza uso, akanitazama. Kisha akasema kwa ile sauti yake ndogo, "Sikuwa nafurahi, mama. Nilikuwa nalijibu swali la yule dada. Nilikuwa napiga kelele, nina mimba, nina mimba, nishusheni. Nilikuona unatazama. Nikakunyooshea mkono. Ukanipungia."

Nikakirudisha kijiko bakulini.

Akaendelea, bila hasira, kama mtu anayeeleza njia kwa mgeni. "Kule juu kila mtu anapiga kelele, mama. Ukisema kweli, nayo inakuwa kelele. Yule dada alituuliza tukiwa chini, mahali ambapo hata ningenong'ona angenisikia. Swali la mlangoni halijibiwi angani."

Katika miaka minne ya ndoa yake, hilo lilikuwa neno la kwanza refu mkwe wangu kuniambia. Nililala nalo. Jumapili iliyofuata, nilisimama mbele ya umoja wa wanawake, nikatubu na kuwaeleza yote, hata kule kupunga mkono. Nikawaambia maneno ya Namkunda kama alivyoyasema. Tangu siku hiyo hayakubaki tena mdomoni mwangu peke yangu. Nesi wa zahanati aliyachukua, akawa anawaambia akina mama siku ya kliniki. Mzee wa kanisa akayatumia kwa wachumba waliokuja kuandikisha ndoa huku wanafichana mambo. Ndivyo maneno ya mgonjwa mmoja yalivyokuwa methali ya watu wote.

Mtoto? Alizaliwa mimba ikiwa ya miezi minane, mdogo kama kuku wa kienyeji, ana kelele. Tukamwita Eliwaza. Ni yule mwalimu wa Lushoto aliyewaletea vitabu wakati wa Pasaka. Alipokuwa mdogo aliniuliza kwa nini nikimpungia mkono wakati anakwenda shule, lazima kwanza nimwite, anijibu kuwa yuko salama, ndipo niupunge. Nilimwambia atakapokua nitamweleza. Nilimweleza.

Sasa maharage yamekwisha kuchambuliwa, naona Yonazi ameacha hata vijiti humu. Lakini wewe, Nietiwe, mbona umeshika punje ile ile tangu nilipoanza habari ya hospitali?

"Bibi," Nietiwe akasema, "Mwinjilisti bado yupo kanisani?"

"Yupo. Anapanga magodoro."

"Nina pumu, bibi. Nikipanda kilima kidogo tu kifua kinabana. Sikusema kwa sababu wangesema nisiende."

"Labda watasema usiende," nikamwambia. "Labda watasema uende, ubaki kambini na mimi kwenye sufuria. Hilo silijui. Lakini kule juu kwenye ukungu kila mtu atakuwa anahema, mwanangu. Ukihema wewe, nani atajua?"

Akaweka punje yake kwenye ungo, akapangusa mikono kwenye sketi, akainuka. Wenzake wakampisha njia bila kucheka. Tulimsikia akivuka uwanja, kwanza kwa kutembea, kisha mbio ndogo, kisha akatembea tena ili apate pumzi.

Yonazi akachungulia dirishani. "Bibi, amefika mlangoni," akasema.

"Basi amewahi," nikamwambia, "kwa maana swali la mlangoni halijibiwi angani."