Mfereji wa Naghenjwa

"Mlima haubishiwi, huzungukwa." Baba yenu akisema hivyo mnacheka, kisha mnakuja kwangu kuuliza methali hiyo ilikotoka. Haya, endeleeni kuchambua hayo maharage. Mikono ikilala, na mimi nanyamaza. Methali hii ilianza hivi.

Mnakiona kilele kile cha mlima Ikongwe? Chemchemi iko upande wa pili. Huku kwetu kulikuwa kukavu, migomba ikifa imesimama. Mzee Sekivia, mkuu wa kijiji, aliwaongoza wanaume kuupasua mwamba wa mlima ili maji yapite. Kiangazi kizima walikoka moto juu ya jiwe, wakagonga, wakatukana. Waliambulia majembe yaliyovunjika. Basi ikaamuliwa: mwezi mpya ukiandama, kijiji chote kihamie bondeni.

Binti mmoja, Naghenjwa, alikuwa na mama yake, kiwete, hawezi kufika hata mlangoni.

"Mkihama, mniache," mama alisema. "Kaburi la baba yako liko hapa."

Naghenjwa alilia, kisha akachukua jembe. Alikuwa amechunga mbuzi miaka mingi, akijua njia yao inauzunguka mlima kutoka chemchemini hadi kijijini, ikiteremka kidogo kidogo. Akayafungulia maji ya chemchemi, akachimba kufuata njia ile, maji nyuma ya visigino vyake. Yakisimama, alijua amechimba juu mno. Alifukia, akaanza tena chini kidogo.

"We binti," Sekivia alimcheka, "unazunguka mlima kama mbuzi?"

"Ndiyo, baba. Sijaona mbuzi aliyevunja pembe kwa kubishana na mwamba."

Lo! Wanawake walicheka mpaka wakashika mbavu. Kesho yake wakaja na majembe. Wiki ya pili wakaja wanaume, macho chini. Mwisho kabisa akaja Sekivia mwenyewe, akachimba pamoja nao.

Siku mbili kabla ya mwezi kuandama, maji yaliingia kijijini. Vigelegele hivyo! Watu wazima walijipaka matope usoni. Naghenjwa alimbeba mama yake mgongoni, akamketisha ukingoni, akamtia miguu majini. Mama akacheka huku machozi yakimtoka.

Sekivia alivua kofia mbele ya watu wote. "Mwanangu," akasema, "mimi nilibishana na mlima, ukanishinda. Wewe umeuzunguka."

Hakuna aliyehama. Na maji mtakayooshea maharage hayo ni yale yale ya Naghenjwa. Mlima haubishiwi, huzungukwa.