Karatasi Alizoziosha Sheikh Kamaluddin

Inasimuliwa, na mjuzi wa yote ni Mola peke yake, kwamba hapo kale katika mji mkuu wa Uchina palikuwa na ukoo wa Waislamu waliomtumikia mfalme kwa elimu ya falaki. Wao ndio waliotangaza siku na saa ya kupatwa kwa jua, wakifuata majedwali ambayo mababu zao waliyaleta kutoka Uajemi. Miaka mia tatu majedwali yale yalinakiliwa, baba kwa mwana, wala hapana aliyethubutu kubadili tarakimu hata moja. Kunakili walijua, wallahi! Kuinua macho kulitazama jua lenyewe ndiko walikokusahau.

Mkubwa wa ukoo huo alikuwa Sheikh Kamaluddin, mchamungu asiyepitwa na sala ya jamaa. Na huyu, jamani, ujanani mwake aliwahi kutazama. Mara nne jua lilipopatwa alilipima kwa saa yake ya maji, na mara zote nne likapatwa mapema kuliko lilivyosema jedwali, karibu nusu saa. Akayaandika hayo katika karatasi, akampelekea baba yake. Mzee yule hakuzisoma hata karatasi zenyewe. Alisema tu, "Mwanangu, waliotutangulia walikuwa watu wa Mungu. Wewe ni nani wa kuwasahihisha?"

Kamaluddin akaona haya. Akateka maji, akaziosha karatasi zile mpaka wino wote ukatoka, akijiambia kwamba hiyo ndiyo adabu kwa mzazi. Kisha kwa miaka thelathini akafundisha majedwali vilevile alivyoyapokea. Mwanafunzi wake hodari kuliko wote alikuwa Zubeir, mtoto wa marehemu kaka yake, ambaye alimlea mwenyewe tangu akiwa mdogo.

Zubeir alipokuwa mtu mzima na mkuu wa diwani ya falaki, yaani ofisi ya mfalme ya elimu hiyo, akaja padri mmoja wa Kizungu na darubini yake na hesabu mpya. Padri akamwambia waziri wa mfalme kwamba jua litapatwa karibu nusu saa kabla ya wakati waliotangaza Waislamu. Zubeir damu ikamchemka. Akaandika kiapo mbele ya waziri: hesabu ya mgeni ikithibiti, yeye akatwe kichwa. Waziri akakipokea kiapo, akakitia muhuri.

Habari zilimfikia Sheikh Kamaluddin baada ya Adhuhuri, siku moja kabla ya jua kupatwa. Chakula kikamshinda. Mkewe, Bi Raihana, alipomuuliza ana nini, akamweleza yote, hata habari ya zile karatasi, ambayo hakupata kumwambia mtu.

"Sasa unangoja nini?" akauliza Bi Raihana.

"Nitamwaibisha marehemu baba, na ukoo mzima."

"Ah! Baba yako yuko mbele ya Mola wake, hana haja tena ya kusitiriwa na wewe. Anayekwenda kuchinjwa ni Zubeir. Mficha uchi hazai, bwana. Vaa kilemba chako uende!"

Akaenda. Alasiri ile ile alisimama mbele ya waziri, akasema kwamba hesabu ya padri ni sahihi.

"Yaani wewe, mzee mzima, unamsaidia mgeni dhidi ya damu yako?" waziri akastaajabu.

"Mheshimiwa, mgeni hana haja na msaada wangu, kesho jua litamshuhudia. Mimi nimekuja kumwombea mwanangu. Yeye amehesabu nilivyomfundisha. Niliyejua kwamba ni makosa ni mimi, maana ujanani nilipima mwenyewe nikayaandika."

Waziri akaagiza kiapo kiletwe. Kisha akakirarua. Lakini siku hiyohiyo akauondoa ukoo mzima katika diwani, kazi ya miaka mia tatu, akamkabidhi padri.

Kesho yake jua likapatwa saa ile ile aliyoitaja padri. Waislamu wakasali sala ya kupatwa kwa jua, naye Sheikh Kamaluddin alikuwa safu ya nyuma kabisa, analia. Walipotoka msikitini padri alikuwa akimsubiri mlangoni. Akamwamkia kwa heshima, akamwomba amwonyeshe zile karatasi za ujanani, ambazo habari zake alizipata kwa waziri.

"Niliziosha," akajibu.

Padri akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Shekhe, lau ungekuwa nazo, mimi ndiye ningekuja kukaa miguuni pako nisome."

Maneno hayo yalimchoma, lakini ya Zubeir yalimchoma zaidi. Alimkuta nyumbani akifunga mizigo, anahamia jimbo la mbali. Mzee alidhani atashukuriwa.

"Ami," Zubeir akamwambia, "nilipokuwa na miaka tisa nilikuja kukwambia kwamba jua halifuati jedwali. Unakumbuka ulinijibu nini?"

Mzee akainama.

"Uliniambia macho yangu ni mabovu. Nami nilikuamini, Ami. Tangu siku ile sikutazama tena."

Akaondoka, na hawakuonana mpaka mauti.

Ndugu zangu katika imani, Sheikh Kamaluddin alisema kweli, na kichwa cha kijana kikasalimika. Mwenyezi Mungu amlipe kwa hilo. Lakini nami ni mwalimu, na kila nikifika hapa nawakumbuka wanafunzi wangu. Tuwaombe radhi, wangali hai, wote tuliowaambia hawaoni ilhali wameona.